Mizimu Ililinda Milango

Vijiji vingi vya Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, vina jengo la Wabelgiji lililobaki kuta tupu. Mabati yaling'olewa kitambo, madirisha yakafuata, fremu za milango zikawa kuni, na yale matofali mazuri ya kuchoma yakahamia jikoni kwa watu, moja moja, mchana kweupe. Hakuna anayeona haya. Mbelgiji hakuacha hati ya urithi.

Ndiyo maana buloko (jela) la zamani la kijiji kimoja ninakonunua mahindi, upande wa barabara ya Kasenga, lilinishangaza hata kabla sijasimuliwa habari zake. Lina mabati yake. Lina milango yake ya mbao nzito, na makomeo ya chuma kwa nje. Nikamuuliza mama mmoja tuliyekuwa tunapima naye mahindi kwa nini hakuna aliyebeba kitu pale. Akaacha meka, lile kopo la kupimia, juu ya gunia, akashusha sauti: "Kule kuko batu." Yaani kuna watu.

Kijiji sikitaji jina. Chifu aliniomba hivyo, kwa sababu tayari wanakuja vijana wa mjini usiku na tochi zao, wanakanyaga mihogo ya watu.

Mimi ni mtu wa Katuba, mjini Lubumbashi. Nilisoma historia Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nikatoka na diploma, kazi sikuiona, nikaingia kwenye mahindi. Kwetu hiyo si habari ya kumshtua mtu. Chuo chetu kiko Kasapa, na gereza kuu la mji nalo liko Kasapa, kwa hiyo mwanafunzi akiaga nyumbani kwamba anaenda Kasapa, lazima atokee mjomba wa kumuuliza ni Kasapa ipi. Miaka yote ya masomo tulilipita lile gereza tukitafuna karanga. Nitalirudia.

Waliotaka kwenda kwenye buloko la kijijini ni watoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, vijana wawili wanaopiga video kwa simu. Walipojua naendaga huko kwa biashara, sikupata amani. "Tantini, utupeleke. Tantini, hata usiku mumoja tu." Nikawapa masharti: tunaomba ruhusa kwa chifu, ndani tunaingia mchana, usiku tunakaa nje, na hakuna anayebeba hata kipande cha tofali.

Wenyeji wana orodha yao ya yanayotokea. Wakati wa kiangazi, usiku wa baridi, mlango wa kwanza hugongwa kutoka ndani. Mtu mwenye nguo za mistari ya njano na nyeusi ameonekana amesimama juu ya kichuguu nyuma ya ukuta. Na kubwa kuliko yote ni nyimbo: sauti za wanaume wengi, za chini, zinaanza watu wakishalala. Kisha mlango unagongwa, na nyimbo zinakatika hapo hapo.

Huyo wa mistari nilimfahamu mara moja, na si kaburini alikotoka. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za Lubumbashi zilitundika sebuleni mchoro uliokuwa ukiitwa "Colonie belge": uwanja wa gereza, bendera, mfungwa amelazwa kifudifudi, polisi mweusi ameinua fimbo, Mzungu amesimama pembeni anatazama. Wachoraji walikuwa wengi, na Tshibumba Kanda Matulu ndiye anayejulikana zaidi hadi leo. Wafungwa wa michoro ile huvaa mistari ya njano na nyeusi. Mjomba wangu alikuwa nao mmoja, juu ya redio, na sisi watoto tulikuwa tunakula bukari (ugali) yetu chini yake bila kuuliza kitu. Anayekutana na mistari ile gizani, sehemu ya alichokiona ameibeba kutoka ukutani kwao.

Kuna pia batumbula. Aliyekulia Katanga hahitaji kuelezwa sana: watu wa usiku waliosemekana kutumwa na wazungu, wanakamata mtu njiani, wanamfungia, wananenepesha, wengine walisema anageuzwa nguruwe, halafu analiwa. Uvumi huo ulitembea katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, tangu enzi za ukoloni, na bibi yangu aliutumia kutuingiza ndani jua likizama. Pale kijijini wanasema buloko lilikuwa ghala la batumbula. Ukifikiri kidogo, si uongo wa kijinga. Mtu alikamatwa, akaingizwa kwenye jengo la Mzungu, wengine hawakurudi, na hakuna aliyekuja kuwaeleza ndugu zao. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Chifu alitupokea vizuri, akamwaga unga mweupe kidogo mlangoni, akasema maneno yake, akatuacha.

Jengo lenyewe ni dogo. Uwanja wa saruji iliyopasuka, vyumba vinne upande mmoja, chumba kimoja kikubwa upande wa pili, nyumba ya mlinzi kando. Mlango wa kwanza tuliusukuma kwa bega. Popo wakatoka kwa fujo, na vijana wakapata dakika yao ya kwanza ya video, wakipiga kelele wenyewe. Niliwafungisha vitambaa puani na mdomoni, na si kwa ajili ya mizimu. Vumbi la mavi ya popo katika chumba kilichofungwa linaweza kumpa mtu ugonjwa wa mapafu, jambo ambalo wawinda-mizimu hawalisemi kamwe.

Nilitegemea kuona michoro ukutani, ile mistari ya kuhesabu siku. Haikuwapo, kuta zilipakwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Kilichonishika kilikuwa mlangoni, chini. Pale mbao zimekatwa tundu la mraba, upana wa sahani ya bati. Nilichuchumaa nikapitisha kidole. Upande wa nje kona za tundu bado ni kali, karibu kama siku fundi alipozikata. Upande wa ndani kona hazipo tena. Mbao zimelika, zimekuwa laini na nyeusi, zinateleza. Aliyekuwa nje alisukuma sahani tu akaenda zake. Waliokuwa ndani walipitisha mikono, wakashika ukingo, wakangoja. Nikatazama mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Ni vile vile. Mmoja wa vijana aliniuliza kama nimeona alama ya damu. Nikamwambia aweke simu chini aguse hapa. Aligusa, akaitikia "eeh", akaendelea kutafuta damu.

Usiku tulikaa nje karibu na gari. Lubumbashi na vijiji vyake viko juu, zaidi ya mita 1,200, na Juni baridi yake inauma. Mabati yaliyochemka mchana kutwa yalianza kupoa na kupasuka sauti: pa! kimya, pa! pa! Vijana walishikana mikono. Mimi nimelala chini ya mabati maisha yangu yote, sauti hiyo naijua. Bundi akalia mara mbili. Nyimbo hazikuja. Kabla ya usiku kukomaa walikuwa wamelala kwenye gari na betri zao zimeisha.

Asubuhi wakati nangoja magunia, chifu akaniambia: kama nataka habari za kweli, niende kwa mzee fulani mwisho wa kijiji. Alilisema jina kwa namna ya mtu anayefungua mlango ambao si wake. Nikapeleka sukari na sabuni, nikapiga hodi.

Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, ila akili ilikuwa nzima. Nikamwamkia, "Jambo, kambo," yaani babu, akanipa kiti. Nilipotaja buloko alikaa kimya, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na babu yangu alitoka wapi. Nikamjibu mpaka aliporidhika kwamba ukoo wangu hauna uhusiano na pale. Ndipo akasema: "Baba yangu njo alikuwa na funguo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mizimu wanahitajika kijijini.

Baba yake alikuwa mlinzi. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto mdogo mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa akileta kuni za jiko la wafungwa. Nilimweleza habari za nyimbo. Akacheka bila furaha. "Ile nyimbo banasemaka ni ya bafu, mi niliisikiaka wakati benyewe balikuwa bazima." Hao wanaoitwa wafu walikuwa watu wa dini ya Kitawala, akasema, walifungwa pamoja katika kile chumba kikubwa, na usiku waliimba na kusali. Nikamuuliza juu ya mlango unaogongwa kutoka ndani. "Hapana kwa ndani. Kwa inje. Ni baba yangu alikuwa anagonga na funguo, ili banyamaze."

Nilibaki nimeshika kikombe cha munkoyo. Habari nzima ya mizimu ilikuwa pale, na mpangilio wake: nyimbo, mlango, ukimya. Kijiji kilikuwa kimehifadhi tukio la kila usiku kwa uaminifu wa ajabu, kikabadilisha kitu kimoja tu, upande wa mlango. Kwa kubadilisha upande huo kikamwondoa mlinzi.

Kitawala nilikisoma chuoni. Dini hiyo ilizaliwa katika mahubiri ya Watch Tower, Mashahidi wa Yehova wa leo, ikavuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kuingia Katanga miaka ya 1920, ikihubiri kwamba utawala wa wazungu una mwisho. Mwanzo wake una doa kubwa: mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliua watu wengi huku Katanga kwa kuwazamisha majini akisema ni wachawi, na mwaka 1926 Waingereza wakamnyonga. Lakini wengi waliofungwa baadaye walikuwa wakulima waliokataa kodi na kuimba wasichotakiwa kuimba. Serikali haikuhitaji hata kesi. Kwa amri ya 1910 ilimhamisha mtu iliyemwona hatari kwa usalama, bila kupita mahakamani, akapelekwa mbali na kwao. Wengine walitupwa Kasaji, magharibi kabisa ya Katanga. Kwa wake zao na watoto wao, batumbula yalikuwa maelezo yaliyo wazi kuliko ya ofisi.

Si wote walikuwa wa Kitawala. Mzee alinitajia makosa kwa mpangilio wa mtu aliyekuwa akiyasikia yakisomwa: kodi, wizi, kupigana, kukimbia kazi, kutolima. Hilo la kutolima lilinigusa kama mfanyabiashara. Wakulima walilazimishwa kulima mazao waliyopangiwa na serikali, siku 60 kwa mwaka kwa sheria ya 1933, na wakati wa vita vya pili vya dunia zikapandishwa hadi 120. Migodi ilikuwa na midomo mingi ya kulisha. Aliyeacha shamba akaingia buloko. Leo naenda kijiji hicho hicho kubembeleza watu waniuzie mahindi, na wakikataa narudi mjini mikono mitupu, basi.

Kisha akanieleza fimbo. Alfajiri, bendera ikishapanda, mbele ya wafungwa wote. Watoto walichungulia kwenye ua wa nyasi. "Mi nilijua kuhesabu mpaka munane mbele ya kuingia masomo," alisema, na akapiga goti lake mara nane, taratibu. Siku moja polisi akaishia ya nne. Watoto walidhani amechoka. Kesho yake, nne tena. Sikumkatiza, lakini kichwani nilikuwa naweka tarehe: kiwango cha juu kilikuwa viboko 12 tangu 1913, kikashushwa kuwa 8 mwaka 1933, kikawa 4 mwaka 1951, na adhabu yenyewe ikafutwa 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Chuoni niliandika tarehe hizo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba kuna mtoto aliyeiona sheria ya 1951 ikifika kijijini kwao kwa sura ya polisi aliyeacha kupiga katikati.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia watu ukweli wa zile nyimbo. Akaniangalia kama ninayeuliza kwa nini samaki haongei. "Niambie nani? Bale banafungwaka, bajukuu yabo njo majirani yangu." Mjukuu wa mmoja wao amemwoa binti wa mdogo wake. Wanachota maji kisima kimoja, wanazika pamoja. Kwa miaka yote hiyo mizimu wameruhusu kijiji kizungumzie buloko kila siku bila mtu kumuuliza jirani yake: baba yako alimpiga baba yangu mara ngapi? Sasa najua pia kwa nini milango ipo. Nani angeng'oa mlango wa kwanza na kuubeba nyumbani, na mzee yule ameketi nje anamwona anavyopita?

Tangu siku ile nimebadilisha ninavyouliza. Ukifika mahali penye sifa ya mizimu ukauliza "mmeona nini?", utapewa mistari, harufu na taa. Ukiuliza "nani alikuwa humu, na nani alimletea chakula?", kwanza utapata ukimya, na ukivumilia utapata jina. Ila ujue unagusa nini. Usiulize mbele za watu, usianze na simu mkononi, na usidhani mtoto wa mlinzi ndiye adui wa habari. Mara nyingi ni yeye peke yake aliyebaki nayo.

Lubumbashi ina wafungwa wenye majina makubwa. Nabii Simon Kimbangu alihukumiwa kifo tarehe 3 Oktoba 1921 kule Bas-Congo, magharibi mwa nchi, Mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, akasafirishwa mpaka hapa, Élisabethville ya wakati ule, akakaa kifungoni miaka 30 hadi alipofariki 12 Oktoba 1951. Leo tarehe 6 Aprili nchi nzima inapumzika kwa ajili yake. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa uwanja wa ndege wa Luano tarehe 17 Januari 1961, wakafungiwa saa chache katika villa ya Brouwez karibu na hapo na kuteswa, na usiku ule ule wakapigwa risasi Shilatembo. Jino la Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji Juni 2022 lilipitishwa huko kabla ya kuzikwa Kinshasa. Sijasikia mtu akisimulia kwamba anaona mzimu wa Kimbangu. Ana waumini, ana siku yake, ana wa kumtaja. Wanaogonga milango usiku ni wale ambao hakuna anayewataja.

Vijana nao? Video yao ilitoka, na muziki wa kutisha, na popo, na ile "pa!" ya mabati wameirudia mara tatu. Niliwauliza kama siku moja wangependa kutengeneza kitu juu ya Kasapa, gereza lililo hai, ambalo Septemba 2020 lilichafuka kwa siku tatu na wafungwa wa kike wakabakwa humo ndani. Mkubwa wao akanijibu, "Ile inaogopesha kabisa, tantini." Sikumcheka. Alikuwa amejibu vizuri kuliko alivyojua.

Mzee alinipa majina machache aliyoyakumbuka, na vijiji walivyotoka, na kosa la kila mmoja. Niliyaandika kwenye daftari la mahindi, kurasa za nyuma. Nikaanza kutafuta familia, taratibu, kila ninapopita na magunia. Wengine walilia, wengine walinipa jina la pili ambalo mzee hakulijua. Familia moja ya Kitawala ilinisahihisha kwa ukali: babu yao hakuwa mwizi wala mkorofi, na niandike hivyo kwanza.

Kisha nikapata familia iliyoko mjini, hapa hapa Katuba, si mbali na kwangu. Mjukuu ni mtu mzima mwenye duka na cheo kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mzee amesema babu alifungwa kwa nini. Nikasoma: mbuzi wawili. Akafunga mlango wa duka.

"Mama, uandike kodi," akasema. "Bote balifungwaka kwa kodi."

Nikamwambia siwezi kuandika kodi mahali mzee alipotaja mbuzi. Tukabishana, mimi na yeye, kwa adabu, chai ikapoa. Akaniambia babu alikuwa na watoto sita na mwaka ule mvua haikunyesha. Nikamwambia hilo nitaliandika lote. Akafikiri. Mke wake, aliyekuwa kimya muda wote akipanga sabuni kwenye rafu, ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Basi uandike mbuzi," mwenye duka akasema. "Lakini alikuwa moja. Yule wa pili alimufuata mwenyewe."